Gazeti likikosea, mwenye cheo alipwe?

Machi 29, 1960, gazeti la New York Times lilichapisha tangazo la ukurasa mzima la kuchangisha fedha za kumtetea Martin Luther King mahakamani. Lilikuwa na makosa. Lilidai King amekamatwa mara saba, kumbe ni mara nne. Lilitaja wimbo ambao wanafunzi wa Montgomery, Alabama, hawakuuimba. Waliimba wimbo wa taifa. L. B. Sullivan, kamishna aliyesimamia polisi wa mji huo, hakutajwa jina popote, lakini alifungua kesi akidai amechafuliwa, na mahakama ya Alabama ikamzawadia dola 500,000. Wachungaji wanne weusi ambao majina yao yalikuwa kwenye tangazo walishtakiwa pamoja na gazeti, na magari yao yakakamatwa. Nakala zilizofika Alabama nzima zilikuwa 394 hivi.

Nani asiyeona kilichokuwa kikitafutwa? Ni kuwanyamazisha waandishi wa kaskazini wasiripoti yaliyokuwa yakiwapata watu weusi kusini.

Mwaka 1964 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliitengua hukumu hiyo. Tangu hapo, ofisa wa umma hashindi kesi ya namna hii mpaka athibitishe kwamba mwandishi alijua anaandika uongo, au hakujali kama ni kweli. Mwaka 1967 watu mashuhuri wasio na cheo serikalini nao wakawekewa sharti hilo.

Leo wapo wanaotaka sharti hilo liangaliwe upya, na hoja zao si za kupuuza. Jaji Clarence Thomas wa Mahakama hiyo ya Juu anasema halina mzizi katika katiba. Jaji mwenzake Neil Gorsuch aliandika mwaka 2021 kwamba siku hizi mtu wa kawaida anaweza kuwa mashuhuri kwa usiku mmoja mitandaoni, kisha akazushiwa jambo na kukosa pa kushtaki.

Chukua kesi ya mwanasiasa Sarah Palin. Juni 2017 tahariri ya New York Times ilihusisha ramani ya kampeni ya kamati yake ya siasa, iliyowekewa alama za shabaha juu ya majimbo ya wapinzani, na shambulio la risasi la Tucson, Arizona, la 2011, lililoua watu sita. Uhusiano huo haukuwahi kuthibitishwa. Kosa lilisahihishwa kesho yake, na mhariri aliyeiandika sehemu hiyo aliomba radhi mahakamani. Palin alishindwa mwaka 2022, akashindwa tena 2025. Ninaelewa uchungu wake: kuhusishwa na damu ya watu si jambo dogo. Hata hivyo, Palin alikuwa gavana na mgombea umakamu wa rais. Akizungumza anasikika nchi nzima.

Tena si kweli kwamba sharti hili halivukiki. Mwaka 2023 televisheni ya Fox News ilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura ya Dominion zaidi ya dola milioni 787, baada ya ujumbe wa ndani kuonyesha kwamba watangazaji wake wenyewe hawakuyaamini madai ya wizi wa kura katika uchaguzi wa rais wa 2020 yaliyokuwa yakirushwa hewani.

Kwa hiyo mimi nasimama na uamuzi wa 1964 kwa kila aliyeshika madaraka au anayeyatafuta. Kwa yule aliyejulikana kwa sababu tu video yake ilisambaa, Gorsuch yuko sahihi: huyo hakuomba umaarufu, hana jukwaa la kujibia, na kumdai athibitishe kilichokuwa moyoni mwa mhariri ni kumfungia mlango wa mahakama.