Mgongo wa mzee mwenye saratani ya tezi dume usiuite uzee

Mzee akishavuka miaka sabini, kila kinachomuuma kina jibu moja hapo nyumbani: uzee. Goti ni uzee, kiuno ni uzee, kukosa usingizi ni uzee. Kwa mzee mwenye saratani ya tezi dume, hata aliyemaliza matibabu miaka mitano iliyopita akaambiwa yuko vizuri, jibu hilo linaweza kumgharimu miguu yake. Msimamo wangu ni kwamba maumivu mapya ya mgongo kwa mzee wa namna hii yahesabiwe kuwa ya saratani iliyofika kwenye pingili mpaka kipimo kikatae. Na wakati kipimo kinasubiriwa, asiachwe akiugulia.

Saratani hii ikitoka kwenye tezi, mahali inapopenda kwenda ni kwenye mifupa: pingili za mgongo, nyonga, mbavu, sehemu ya juu ya paja. Ikishakaa kwenye pingili inaweza kukua kuelekea ndani, au pingili yenyewe ikabonyea, na vyote viwili hubana uti wa mgongo. Maumivu mara nyingi hutangulia kwa wiki kadhaa kabla miguu haijalegea. Wiki hizo ndizo zinazopotea kwenye dawa za kuchua na sindano za duka la dawa. Mzee aliyeanza tiba akiwa bado anatembea, mara nyingi huendelea kutembea. Aliyeletwa amebebwa, na miguu imekufa siku kadhaa, ni nadra kuirudia.

Mgongo wa kazi, wa shamba au wa kukaa vibaya, kwa kawaida hupoa mtu akijilaza. Huu mwingine hukaza akilala chali, humwamsha saa nane za usiku, na huchoma akikohoa, akipiga chafya au akijikamua chooni. Wengine husema wamefungwa mkanda kifuani au tumboni na mtu anauvuta. Maumivu ya katikati ya mgongo, kwenye usawa wa mbavu, yanahitaji kutiliwa shaka zaidi kuliko ya kiuno, kwa kuwa sehemu hiyo haiumi hovyo kwa sababu ya kazi.

Halafu kuna dalili ambazo hazingoji kliniki ya mwezi ujao wala Jumatatu. Mzee anaanza kushika ukuta akitembea, ndala zinamtoka bila kujua, anashindwa kunyanyuka kwenye choo cha kuchuchumaa. Anapata ganzi sehemu za siri na matakoni, pale panapogusa tandiko la baiskeli. Mkojo unafunga au unavuja, au haja kubwa inatoka bila yeye kuhisi. Hapo ni hospitali leo hii.

Mkifika, sentensi ya kwanza ina uzito kuliko zote. Ukisema "baba anaumwa mgongo" utapangiwa foleni ya migongo. Sema: "Baba ana saratani ya tezi dume, ana maumivu mapya ya mgongo tangu wiki mbili, na miguu imeanza kulegea." Kipimo kinachotakiwa ni MRI, picha ya mashine ya sumaku, ya mgongo mzima, kwa sababu saratani inaweza kuwa imebana sehemu mbili au tatu wakati inayouma ni moja. Eksirei iliyotoka safi haimalizi swali. Ugonjwa unaweza kuwa umeshaingia kwenye mfupa na picha isiuonyeshe. Pasipo na MRI, CT itasaidia huku rufaa ikiandikwa. Daktari akishuku uti umebanwa, kwa kawaida huanza deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, papo hapo, mara nyingi miligramu 16 kwa siku, bila kungoja picha, kisha mgonjwa anapelekwa kwenye mionzi au upasuaji. Kama baba ana kisukari, lisemeni mapema, maana dawa hiyo hupandisha sukari kwa kasi, na pia huchokoza tumbo.

Safari nayo ina namna yake. Bodaboda hapana, kiti cha nyuma cha daladala hapana. Alazwe bapa, na akigeuzwa ageuzwe kama gogo: watu watatu, mmoja mabegani, mmoja nyongani, mmoja miguuni, wote kwa hesabu moja, mgongo usijikunje.

Kuhusu kuchua sina upole. Mchuaji akishaweka goti kwenye pingili iliyoliwa na ugonjwa anaweza kuivunja, na wapo wanaochua kwa goti. Chupa ya maji ya moto nayo, kwenye ngozi yenye ganzi, huunguza bila mzee kushtuka.

Si kila maumivu ni saratani, na familia inayodhani hivyo hukosea kwa upande mwingine. Maumivu ya chini ya kitovu na tumbo lililovimba pale chini, huenda ni mkojo uliofunga. Kama ana mpira wa mkojo, tazama kwanza kama umejikunja au ameulalia, kama mfuko uko chini ya usawa wa kibofu, na kama mkojo unavuja pembeni ya mpira huku mfuko ukiwa mkavu. Hiyo ya mwisho ni dalili ya kuziba, na unatakiwa kubadilishwa siku hiyohiyo. Maumivu ya ubavuni yanaweza kuwa figo iliyojaa kwa sababu njia ya mkojo imebanwa, na kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, itaonyesha. Mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma huenda una damu iliyoganda, na saratani huongeza hatari hiyo. Moto wa upande mmoja wa mwili, ngozi haitaki hata shuka, huweza kuwa mkanda wa jeshi kabla vipele havijatoka. Vikitoka, dawa hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72.

Kwetu Afrika Mashariki lazima nitaje na kifua kikuu cha mgongo. Nacho hula pingili, nacho huleta maumivu ya usiku, kukonda na hata kupooza. Mara nyingi huharibu ile gegedu iliyo kati ya pingili mbili, ambayo saratani kwa kawaida huiacha, ila picha haitoshi kila mara na huenda ikahitajika kipande kidogo cha nyama kichukuliwe hapo kikapimwe. Mzee mwenye homa za jioni na jasho la usiku, au aliyewahi kuugua kifua kikuu, asipitishwe moja kwa moja kwenye mionzi bila swali hilo kuulizwa.

Tiba yenyewe pia huvunja mifupa. Sindano za homoni, au kuondolewa korodani, hushusha homoni ya kiume, na mifupa hupungua uimara mwaka hadi mwaka. Pingili inaweza kubonyea bila saratani kuwemo ndani yake. Maumivu ya paja au nyonga yanayokuja kila akikanyaga yana haraka yake: asikanyagie mguu huo mpaka eksirei ya paja zima ipigwe, kuanzia nyonga hadi goti. Mfupa unaokaribia kuvunjika, ukiwekewa chuma mapema, ni kazi ndogo kuliko uliokwisha kuvunjika bafuni.

Sindano ya kwanza ya homoni ina hila yake. Goserelini, ambayo ni mojawapo ya sindano hizo, huipandisha homoni ya kiume kwa muda kabla ya kuishusha, na katika wiki ya kwanza au mbili maumivu ya mifupa yanaweza kuwaka na mkojo ukafunga. Ndiyo maana daktari humpa vidonge vya bikalutamidi, vinavyoizuia homoni hiyo isifanye kazi, vya kuitangulia sindano hiyo na kuendelea kwa wiki chache. Vidonge hivyo vikirukwa kwa sababu bei imewashinda, rudini kwa daktari mseme kabla ya sindano. Na hesabu ya tarehe ni muhimu: sindano ya miligramu 3.6 ni ya kila siku 28, ya 10.8 ni ya kila wiki 12. Maumivu yaliyoanza wiki kadhaa baada ya sindano iliyorukwa kwa kukosa nauli yana maelezo, lakini daktari hawezi kuyajua kama kadi imebaki nyumbani.

Kuna familia zinazojifariji na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume. "PSA iko chini, kwa hiyo si yenyewe." PSA iliyo chini hupunguza shaka, haiifuti, ipo saratani ya tezi dume inayosambaa huku PSA ikipanda kidogo tu. Ombeni na testosteroni, yaani ile homoni ya kiume, ipimwe: kwa mzee aliye kwenye sindano za homoni inatakiwa kuwa chini ya nanogramu 50 kwa desilita. Ikiwa juu, sindano haijafanya kazi yake. Pamoja nazo vipimwe kalisi, kreatinini, wingi wa damu na kile kimeng'enya cha mifupa kinachoitwa ALP.

Kupata ukweli kutoka kwa mzee mwenyewe ni kazi nyingine. Ukimuuliza "unaumwa?" atakujibu "nipo tu" au "tunamshukuru Mungu." Namba za sifuri hadi kumi haziwaingii wengi. Wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, Afrika hutumia mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Mzee asiyetaka kulalamika mbele ya mkwe ataonyesha vidole bila kusema neno. Andika kwenye daftari mahali panapouma, alikuwa anafanya nini, vidole vingapi kabla ya dawa na vingapi saa moja baadaye. Kurasa mbili za namna hiyo humsaidia daktari kuliko bahasha nzima ya picha za zamani.

Na hapa kuna desturi ninayoipinga waziwazi: watoto wanajua ni saratani, mzee ameambiwa ni "uvimbe wa mkojo." Mtu asiyejua kuwa ugonjwa wake hupenda mgongo, atautaja mgongo kwa sababu gani? Ataficha kwa miezi, asiwasumbue watoto. Anayemlinda mzee na neno saratani humnyima nafasi ya kutoa taarifa mapema.

Sasa dawa. Diklofenaki ndiyo ya kwanza kukimbiliwa, tena ya sindano, na kwa mzee huyu ndiyo ninayoiogopa: figo zake huenda zimeshabanwa na mkojo unaorudi nyuma, na tumbo lake halina ustahimilivu wa ujana. Parasetamoli ni salama zaidi ikipewa kwa saa na si kwa kukumbuka. Gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na mzee aliyekonda apewe kidogo zaidi kwa ushauri wa daktari. Maumivu ya mfupa yenye saratani mara nyingi huishinda, na hapo hakuna aibu kudai morfini.

Morfini ya maji si dawa ya kufia. Mtu anaweza kuitumia miezi na miaka akala, akasali, akahudhuria vikao vya ukoo. Daktari kwa kawaida humwanzishia mzee miligramu 2.5 hadi 5 kila saa 4, na usiku wakati wa kulala wengi huruhusu dozi mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane. Kosa la hatari liko kwenye chupa: dawa hutengenezwa kwa nguvu tofauti, miligramu 5 katika mililita 5, au 50, au hata 100 katika mililita hizohizo. Uganda huzitenganisha kwa rangi: kijani ndiyo dhaifu, nyekundu ya kati, bluu kali. Kwingine usitegemee rangi, soma lebo, na kila mkipewa chupa mpya ulizeni dirishani: "Hii ni miligramu ngapi kwa mililita?" Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai hakipimi dawa.

Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, mara nyingi ni usingizi aliokuwa akidaiwa. Kichefuchefu nacho hupita. Choo kigumu hakipiti, kwa hiyo bisakodili, dawa ya kufungua choo, ianze siku moja na morfini, usiku, bila kungoja mzee afunge siku nne. Mzee akianza kurukaruka misuli, kuona vitu visivyokuwepo au kulala asiamke vizuri, mwambieni daktari haraka. Mara nyingi figo zimechoka na dawa inajaa mwilini. Ila morfini isikatwe ghafla kwa uamuzi wa sebuleni.

Dawa hii haipatikani kila duka. Uganda iliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika, ndiyo maana huko huwafikia hata walio mbali na daktari. Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road na hospitali za rufaa ndiko pa kuanzia; Kenya, ulizia kitengo cha tiba shufaa katika hospitali ya kaunti au hospisi iliyo karibu.

Kwa mfupa mmoja unaouma, mionzi hufanya kazi ambayo vidonge haviwezi, na mara moja tu ya gray 8 (gray ni kipimo cha dozi ya mionzi) hupunguza maumivu sawasawa na mfululizo wa siku nyingi. Familia nyingi hudhani wamepunjwa wakipewa siku moja. Hawakupunjwa, wameokolewa nauli na gharama za kulala mjini. Mfululizo mrefu una faida yake mahali pengine, kwa mfano baada ya upasuaji wa mgongo. Nafuu huja taratibu, wiki mbili hadi nne au zaidi, na katika siku chache za kwanza baadhi ya wagonjwa huumwa zaidi kabla ya kupoa. Kwa hiyo msiondoke kwenye mionzi bila morfini ya kutosha ya wiki hizo. Kama ni mgongo uliopigwa mionzi, mjaribuni kila asubuhi anyanyuke kwenye kiti bila kushika kitu. Asubuhi atakayoshindwa wakati jana aliweza, mpigieni daktari kabla ya chai.