Tandu si jongoo, jamani

Habari inasema kijana wa hapa Tanga kaumwa na tandu aliyekuwa akimfuga ndani ya chupa, na wachangiaji kadhaa hapo juu wanamcheka eti "jongoo anaumaje?" Jongoo haumi, sawa. Huyu ni tandu! Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu kila pingili, mwendo wa pole, ukimgusa anajikunja. Tandu ana jozi moja, bapa, mbio kama kafukuzwa. Tena haumi kwa mdomo: ile jozi ya mbele kabisa, chini ya kichwa, imegeuka koleo zenye sumu.

Mimi tandu aliniuma Makorora, mtaa wa hapa hapa Tanga, kajificha kwenye kiatu changu cha shule. Vitundu viwili vyekundu ubavuni mwa kidole, halafu moto ukapanda mpaka gotini. Bibi keshashika wembe anichanje (Mungu amrehemu, kwake dawa zote zilianza na wembe), shangazi akamzuia, akaniletea beseni la maji ya moto ya kustahimilika. Maumivu yalipungua kweli, ila maji yakipoa yanarudi, basi ikawa kuchemsha mpaka alfajiri.

Kumfuga sishangai, tandu mkubwa anapendeza kumtazama. Lakini kumtoa umshike kiganjani upigwe picha? Na chupa yenyewe, pale pichani, imefunikwa kipande cha khanga na mpira! Tandu anapita penye ufa mwembamba. Kama huyo wa kijana katoroka na hajaonekana bado, wenye nyumba wakung'ute viatu na mashuka.