Ubuyu mweupe wa paundi 6 na ule mwekundu wa kwetu

Jamani leo nimeingia supamaketi kununua maziwa tu nimetoka na hasira na furaha kwa pamoja. Niko Birmingham, Uingereza, mwaka wa 7 sasa. Napita kwenye shelfu la vyakula vya afya nakuta paketi imeandikwa baobab, gramu 100, paundi 6, yaani kama 20,000 ya kwetu. Kwa ubuyu! Nikanunua, hamu ilinizidi. Kufika nyumbani nikachota kwa kijiko kikavu nikaweka ulimini, unga ukaganda kwenye kaakaa, mate yakajaa mdomo mzima, uchachu uleule wa buyu lililopasuliwa kwenye jiwe uani kwa bibi kule Kongwa, Dodoma. Nikakaa chini. Hakuna sukari, hakuna rangi, ni ubuyu mtupu.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Nimekulia Mbagala, ubuyu nimekula tangu darasa la kwanza, lakini mweupe nimekula kwa bibi tu. Dar ubuyu ni ule mwekundu wa getini shuleni, ulimi na vidole vinabaki vyekundu mpaka jioni. Mnajua unavyotengenezwa: sukari inachemshwa mpaka inakuwa shira, inatiwa rangi na iliki, ubuyu unamwagwa humohumo jikoni. Vitamini C haivumilii moto, kwahiyo kile kilichofanya tunda liwe na maana tunakipunguza wenyewe halafu tunampa mtoto sukari na rangi. Na tunda lenyewe halihitaji kupikwa, linakaukia juu ya mti ndani ya gamba lake, ukipasua limeshakuwa tayari.

Chungwa lina kama miligramu 50 za vitamini C kwa gramu 100. Unga wa ubuyu unatofautiana mti na mti, ila vipimo vingi vinauweka mara 3 ya hapo na zaidi. Ni kweli hakuna anayekula gramu 100 za unga kwa mpigo, vijiko viwili vinatosha. Halafu nyuzinyuzi, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzinyuzi, na hizo ndo chakula cha bakteria wazuri wa tumboni.

Wanaojua kuula ni Wahadzabe. Wale wa Ziwa Eyasi, ambao wengi wetu Dar tunawataja tukitaka kumwambia mtu ni mshamba. Hawafiki hata 2,000, wanaishi kwa asali, mizizi, nyama na matunda ya porini, na ubuyu ni chakula chao kabisa. Wanawake wanatwanga unga pamoja na mbegu kwa jiwe, wanachanganya na maji, unanyweka kama uji. Mbegu ambazo sisi tunamung'unya tukatema wao wanakula, zina mafuta na protini. Watafiti wa Ulaya na Marekani wamefunga safari mpaka kule kuchunguza matumbo yao, wakakuta aina za bakteria nyingi kuliko za watu wa mijini. Sisi tuko nao nchi moja, na hatujawahi kuwauliza hata swali.

Najua mtakachosema. "Huyu kafika Ulaya miaka 7 anatufundisha kula ubuyu." Sikufundishwa na mzungu, nimefundishwa na bibi yangu Mgogo ambaye hajawahi kupanda ndege. Na hawa wa huku nao wananiudhi, Umoja wa Ulaya mpaka mwaka 2008 ndo wameruhusu ubuyu uuzwe kwao na wakauorodhesha kama "chakula kipya". Kipya kwa nani? Paketi yangu hata haisemi umetoka nchi gani.

Mwingine atasema acha watu wajitafutie riziki. Mama wa vifuko pale getini namheshimu, amesomesha watoto kwa ubuyu huo, sijasema afunge biashara. Nasema auze na mweupe pembeni, na sisi tununue. Na wale wa magrupu mnaosambaza kwamba ubuyu unatibu presha, sukari mpaka kansa, nawaomba muache, mtu ataacha dawa zake.

Maana mama yangu ana sukari. Na kwenye friji yake kila nikija nakuta jagi la juisi ya ubuyu, tamu mpaka inakwama kooni, na anainywa kwa amani kabisa kwa sababu kaambiwa ubuyu ni dawa. Nimebishana naye kwenye simu wiki nzima. Anasema bila sukari haunyweki, namwambia mama, bibi alikunyweshaje? Akanyamaza.

Desemba nakuja. Nimeshamwambia shangazi wa Kongwa anitumie mabuyu mazima kwa basi, yasipasuliwe, nitayapasua mwenyewe pale uani mama akiwa amekaa ananiangalia.