Ufunguo haukuliwa na papa, Mudi muongo

Naona Mudi keshamwaga yake kwenye grupu, eti ufunguo wa gari langu uliliwa na papa. Tangu asubuhi simu haitulii, watu wananiuliza kama ni kweli nilivua shati nipige mbizi pale Magogoni, Dar, kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni, na kama ni kweli nililia. Shati sikuvua, nilifungua vifungo viwili. Na machozi ni upepo wa bahari, aliyewahi kusimama ukingoni mwa pantoni saa kumi jioni atanitetea.

Sasa sikieni kwa mwenye gari.

Tulikuwa tumetoka Feri kununua samaki, ndoo moja ya changu, wameshaparuliwa. Tukaingia kwenye pantoni wa kwanza kabisa. Mnaovuka kila siku mnajua maana yake: wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka, na asipotoka yeye hatoki mtu. Nilijiona mjanja wa mji mzima.

Nikazima gari, nikaenda kufungua buti maana maji ya barafu yalishaanza kuchuruzika. Nikafunua ndoo, nikazamisha mkono, nikasukuma mabonge ya barafu yakawakalia samaki vizuri, nikafunika. Ukumbukeni huo mkono. Halafu nikaenda kuegemea vyuma ili Mudi anipige picha na mji ukiwa nyuma yangu. Ile nainama kidogo, kichwa hivi, nikasikia chubwi.

Mudi akasema, "Kaka, kuna kitu chako kimezama."

Nikapapasa mfuko wa kulia. Wa kushoto. Wa nyuma. Nikarudi wa kulia, labda mara ya kwanza vidole vilikuwa vimezubaa. Ufunguo hakuna. Hapo ndipo nilipofungua vifungo.

Lakini sikutetereka sana, maana kwenye droo ya dashibodi nilikuwa na wa akiba. Gari lilikuja kutoka Japani na ufunguo mmoja tu, nami nikachongesha wa pili Kariakoo kwa elfu 10. Siku ile fundi aliniambia, "Bosi, huu wa kufungulia milango tu, hauna chipu." Nikajua ananitengenezea njia ya kunichomoa hela zaidi. Si mnawajua.

Pantoni likagota upande wa Kigamboni. Mlango ukashuka, waenda kwa miguu wakamwagika, nami nikakaa kwenye usukani kama waziri. Nikachomeka ufunguo wa Kariakoo. Ukaingia laini. Nikazungusha, usukani ukaachia, dashibodi ikawaka taa zote, nikamgeukia Mudi nikamtupia jicho la "unaona?" Nikamalizia.

Nye-nye-nye-nye-nye.

Kimya.

Na pale kwenye dashibodi kuna kitaa chekundu. Miaka 3 nakiona kikipepesa usiku nikifunga gari, nikijua ni pambo. Sasa kilikuwa hakipepesi. Kilikuwa kimenikodolea.

Nikarudia. Nye-nye-nye-nye. Nyuma yangu Coaster ikapiga honi, fupi, ya kistaarabu. Nikarudia. Honi ya pili haikuwa na ustaarabu. Bodaboda wakaanza kupenya pembeni, kila mmoja akiacha ushauri wake dirishani kama sadaka: "Mafuta hayo!" "Betri, braza!" "Plagi zimelowa!" Akaja mama mmoja, beseni la vitumbua kichwani, akainama mpaka usawa wa kioo na beseni halikutikisika hata kidogo, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, klachi umekanyaga?"

Gari ni otomatiki. Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Kipaza sauti kikasema: "Mwenye gari la mbele kushoto, toa gari." Nye-nye-nye. "Mwenye gari la mbele, tunaomba utoe gari." Nye-nye. Mara ya tatu gari halikutajwa kabisa: "Huyo kaka wa shati la maua." Jamani, mimi nina jina, nina familia. Juu kule, nyuma ya geti, waliokuwa wanasubiri kuvukia mjini walikuwa wamejipanga wakinitazama, na kuna mtoto alikuwa amebebwa mabegani ili aone vizuri.

Betri nayo ikaanza kuchoka. Nye... nye. Hiyo ya mwisho Mudi ameifanya mlio wa simu.

Ikabidi nisukumwe. Angalau ule ufunguo ulifungua usukani na kuniruhusu kutoa gia kwenye P, vinginevyo mpaka leo ningekuwa navuka kwenda na kurudi. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo kile kilima cha kutokea kilikuwa kikali. Wakajitokeza vijana kama 10, na yule mama akashusha beseni. Haya, harambee! Eeeh! Injini ikiwa imezimika usukani unakuwa mzito kama wa tingatinga, na breki inakuwa jiwe, hilo nalo nilikuwa silijui. Tukafika katikati ya kilima, kijana mmoja akateleza ndala, na gari likarudi nyuma. Hatua moja. Moja tu! Lakini ilikuwa hatua ya kuelekea baharini. Nikavuta handibreki kwa mikono miwili na nikatoa sauti. Sauti hiyo ipo kwenye video, na ndiyo Mudi anayoiita kilio. Mimi naiita onyo kwa waliokuwa nyuma.

Tulipofika juu watu walipiga makofi. Nikampa Mudi ile ndoo, apande bajaji aiwahishe nyumbani, aisukumie kwenye friza. Hili pia likumbukeni, maana kwenye hadithi yake halimo.

Kesho yake akaja fundi na kompyuta mpakato na ufunguo mpya. Akachomeka waya chini ya usukani, huku akinielimisha nilipe kwa raha: kwenye kile kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri, ukichomeka, pete iliyozunguka tundu la swichi inaiamsha, nayo inajitaja namba yake. "Gari linauliza, wewe nani? Huu wako wa Kariakoo hata jina hauna, bosi. Chuma kinazunguka, lakini injini haipewi ruhusa." Kisha akaniuliza kwa makini, "Funguo nyingine ipo? Kama ipo ilete sasa hivi, maana kwa gari hili nikisajili mpya, zote za zamani zinafutika."

Nikamwapia. Nikamwambia ule mwingine umeliwa na papa. Laki 2 na 80 zikaondoka, gari likawaka, nikakaribia kulikumbatia.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jana, Jumamosi, Mama Zai akatoa samaki kwenye friza. Mudi alikuwa ameisukumia ndoo nzima kama ilivyo, kwa hiyo ilitoka pande moja la barafu, ikabidi alivunje kwa mchi. Nikiwa sebuleni nikasikia, "Baba Zai, hebu njoo." Ile sauti ambayo mwanamume ukiisikia unaanza kujitetea kabla hujafika. Kwenye barafu, katikati ya changu wawili, kichwa cheusi cha plastiki kilikuwa kimechungulia.

Miwani yangu ya jua, sasa ndiyo nimekumbuka, sijaiona tangu siku ile ya picha.

Nikauanika ufunguo saa nzima, nikaufuta, nikatoka nao mbio hadi kwenye gari. Nye-nye-nye-nye. Kitaa chekundu. Miaka 3 tumeishi wote, leo halinijui.

Nikampigia fundi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kuusajili tena ni elfu 80, niende na zote mbili.

"Ila bosi," akaongeza, "si uliapa?"