Picha ya CT haikuepushi na dawa ya kuharisha

Wanaume wa rika langu hapa Kisumu wakisikia habari za kolonoskopi, kipimo cha kamera cha kutafuta saratani ya utumbo mpana, huuliza swali moja tu: hiyo kamera inaingilia wapi? Ukiwajibu, mazungumzo yamekwisha. Ndiyo maana picha ya CT (eksirei inayoundwa kwa kompyuta) ya utumbo mpana huwavutia. Wanadhani unalala kwenye mashine, unapigwa picha, kisha huyo Dunga kula samaki.

Thubutu! Siku ya kuamkia kipimo unakunywa dawa ya kuharisha hadi utumbo uwe mtupu, sawa na anayekwenda kwa kamera. Halafu unawekewa kijibomba kifupi njia ya haja kubwa (ndiyo, huko huko), gesi ya kaboni dioksidi inapulizwa ili utumbo utanuke, na unapigwa picha ukiwa chali kisha kifudifudi. Nafuu ni kwamba huchomwi sindano ya usingizi, na kwa robo saa hivi umemaliza.

Naiunga mkono kwa watu fulani: mzee ambaye moyo au mapafu yake hayahimili dawa ya usingizi, au yule ambaye kamera ilishindwa kufika mwisho. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba inawanasa takriban asilimia 90 ya watu wenye vinyama (viuvimbe vya utumboni vinavyoweza kugeuka saratani) vya milimita 10 kwenda juu. Vidogo zaidi huponyoka kwa urahisi. Tena ikikiona kinyama haiwezi kukiondoa. Utarudishwa kwenye kamera ile ile uliyoikimbia, ambayo hukikata hapo hapo.

Kinachonikera ni habari ya damu. Mtu anaiona chooni, ananunua dawa ya bawasiri Kondele, mwaka unakatika. Huyo si wa kuchagua mashine. Amwone daktari, na aghalabu atahitaji kamera ili nyama ikatwe ikapimwe. CT ya uchunguzi ni ya asiye na dalili. Marekani wanashauri uchunguzi uanze miaka 45, CT ikirudiwa kila miaka 5.

Kwetu, ambako mashine hiyo hiyo inasubiriwa na majeruhi wa boda boda na wagonjwa wa kiharusi, ningeanza na kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ni cha kila mwaka, hakina kuharishwa wala kijibomba. Damu ikipatikana, ndipo uende kwa kamera. Na kikopo chenyewe, ukikitia kwenye mfuko wa karatasi, hakuna abiria wa matatu atakayejua umebeba nini.