Wiki mbili hazitoshi kumjua kijana mwenye sonona

Dada yangu alifika hospitali amebana bahasha ya kaki kwapani. Ndani alikuwa amepanga ripoti zote za shule za mwanawe, kuanzia darasa la pili hadi kidato cha tatu. Kijana ana miaka 16. Miezi miwili ilikuwa karibu kutimia bila yeye kucheka. Mpira ameacha, akitoka shule anajilaza na kugeukia ukutani. Nilikwenda nao, maana mimi ni mjomba wake na ndiye niliyemshawishi akubali kuja.

Mhudumu aliyetupokea alikuwa mpole, hilo nalisema mapema. Alichukua fomu yenye maswali tisa, akamgeukia kijana. Dada akaanza: "Daktari, huyu tangu yuko darasa la pili..." Akakatizwa kwa adabu. "Mama, tuanze na wiki mbili zilizopita." Tukarudi nyumbani na dawa, na tarehe ya kurudi, na bahasha ambayo haikufunguliwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia mabishano yaliyopo kati ya watu wanaohudumia vijana. Kijana akija na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, je, itibiwe sonona aliyokuja nayo, au kwanza aulizwe alikuwa mtoto wa namna gani? Wanaosema itibiwe iliyopo wana hoja nzito, na nitazifikia. Ila wale wanaotaka utoto uulizwe ndio naona hawajaeleweka. Wanadhaniwa ni watu wa kuwabandika watoto majina ya kizungu, majina ya usonji, ile hali ya mtoto kuwasiliana na kuchangamana na watu kwa namna ya tofauti, ya disleksia, ile ya kupata shida kusoma na kuandika, ya hiyo hali ya kushindwa kutulia na kumakinika iitwayo ADHD. Wanachoomba hasa ni kidogo kuliko hicho.

Tuitazame ile fomu. Inajulikana kama PHQ-9, inatumika dunia nzima, Kiswahili chake kipo, na kwa kazi yake ni chombo kizuri. Kila swali linauliza juu ya wiki mbili zilizopita na lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifika 10, kwa kawaida unahesabiwa kuwa na dalili zinazotaka kuangaliwa kwa makini. Swali la saba linauliza kama unapata shida kutuliza mawazo kwenye jambo, mfano kusoma gazeti au kutazama televisheni. La nane linauliza kama umekuwa mzito wa mwendo na maneno kiasi watu wakaona, au kinyume chake, hutulii, unahangaika huku na huko kuliko kawaida yako.

Sasa mchukue kijana ambaye tangu utotoni hajawahi kumaliza ukurasa mmoja bila mawazo kuhama, wala kukaa kitini kipindi kizima. Maswali hayo mawili peke yake yanaweza kumpa alama 6. Hajaulizwa bado kuhusu huzuni, na zimebaki nne tu. Kwa haki ya fomu, swali la nane lina yale maneno "kuliko kawaida", kwa hiyo anayehangaika siku zote angepaswa kujibu hapana. Lakini swali la saba halina kinga hiyo. Na mtoto ambaye hajawahi kuishi na kichwa kingine ila hicho chake, hiyo kawaida ataipima kwa nini?

Hapo mtu anaweza kusema: basi fomu inamkosea kwa kumwona ana sonona wakati hana. Inawezekana kwa wengine. Kwa mpwa wangu sonona ilikuwepo, hakuna aliyeibisha, na ndiyo maana swali la sita ndilo linalonirudia kila mara. Linauliza kama umekuwa ukijiona hufai, kwamba umeshindwa, kwamba umejiangusha wewe mwenyewe au familia yako. Alijibu: karibu kila siku. Alama 3. Fomu inalipokea jibu hilo kama dalili ya ugonjwa wa wiki mbili. Kwenye bahasha, jibu lilelile lina miaka tisa. Darasa la pili, kwa wino mwekundu: "Anaweza, ila hatulii." Darasa la nne: "Mzembe, hamalizi kazi." Darasa la sita: "Mzazi afike shuleni." Kidato cha pili, nafasi ya 71 kati ya 74: "Aongeze bidii." Mtoto aliyesomewa maneno hayo mwaka hadi mwaka, siku akisema ameshindwa, anaugua au anakariri alichoandikiwa? Nadhani yote mawili. Na dawa ya la kwanza haiwezi kufuta la pili.

Hili si wazo la wajomba wenye uchungu tu. Huko Bristol, Uingereza, watoto waliozaliwa mwaka 1991 na 1992 wamefuatiliwa tangu wakiwa matumboni. Mwaka 2018 watafiti waliwatazama zaidi ya 6,000 kati yao kuanzia umri wa miaka 10 hadi 18. Waliokuwa na alama za usonji utotoni walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona wakiwa na miaka 10, na tofauti hiyo haikupotea walipokua. Sehemu kubwa ya hatari hiyo ilielezeka kwa jambo moja ambalo mzazi yeyote analijua: kuonewa na wenzao. Miaka mitatu baadaye utafiti mwingine uliotumia takwimu za watoto haohao ulikuta ADHD ya utotoni inaambatana na sonona ya ujana, na uchambuzi wa vinasaba uliofanywa kando yake ulielekea kuonyesha kwamba ya kwanza inachangia kuleta ya pili, si kwamba zinakutana njiani tu.

Bristol si Bagamoyo, najua. Lakini kama uonevu wa wenzake unamfikisha mtoto wa Uingereza huko, wetu ana na fimbo juu yake. Tanzania kanuni za shule bado zinaruhusu hadi viboko vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini, na viandikwe kitabuni. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Aliyesoma shule zetu anajua kanuni ni kitu kimoja na mstarini ni kitu kingine. Na nani anayechapwa sana? Ni yule aliyesahau daftari, aliyejibu kabla ya kuulizwa, aliyesoma mstari kwa kubabaika, aliyesimama bila ruhusa. Hayo karibu yote ni mambo yanayotarajiwa kwa mtoto mwenye ADHD au disleksia. Si lazima mwalimu awe mkatili, maana na yeye ana watoto themanini mbele yake na hajawahi kufundishwa kulitambua jambo hilo. Lakini hesabu ya viboko katika miaka ya msingi haigawanyiki sawa kwa watoto wote, na hakuna anayeiulizia wakati kijana ameshafika kidato cha tatu na hataki kuamka kitandani.

Wanaotaka itibiwe sonona iliyopo wanasema kwanza kwamba kijana aliye hatarini anahitaji msaada leo. Ukianza kuchimbua darasa la pili wakati mtu anafikiria kujidhuru, umekosea njia, na hapo nakubaliana nao bila sharti. Pili, wahudumu ni wachache. Wilaya nzima inaweza isiwe na hata daktari bingwa mmoja wa akili, achilia mbali wa akili za watoto. Tatu, msaada mfupi usiouliza chochote cha utotoni umeshaonyesha kufaa. Kenya, mpango uitwao Shamiri ulijaribiwa kwa wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Vikao vinne tu, vinaongozwa na vijana waliotoka sekondari si muda mrefu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili zimepungua kuliko kwa kundi waliofundishwa mbinu za kusoma. Hilo ni jambo la kujivunia Afrika Mashariki nzima.

Hoja yao ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Umeshamwambia mzazi mwanawe ana ADHD, kisha? Methylphenidate, dawa inayotumika zaidi kwa hali hiyo, iliombewa nafasi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ikakataliwa mwaka 2019, ikakataliwa tena 2021, kwa maelezo kwamba ushahidi wa faida yake ukilinganishwa na madhara hautoshi. Mwalimu wa elimu maalumu hayupo. Jina litabaki jina, na mtaani jina lina meno. Mtoto aliyekuwa "mtundu" anakuwa "mgonjwa wa akili", na posa ya dada yake inaulizwa maswali.

Nimelipima hili kwa muda. Naona linaangukia kwenye dhana kwamba mtoto asipopewa jina na daktari atabaki bila jina. Hajawahi kubaki. Majina anayo tangu akiwa na miaka saba: mzembe, kichwa maji, mtukutu, mzito. Hayo hayana huruma na hayana maelekezo ya kumsaidia, na kijana ameyaamini.

Hata huo msaada mfupi, mzuri kama ulivyo, una kusoma na kuandika ndani yake. Kijana ambaye herufi zinamkimbia anakaa katika kikao hicho kama alivyokaa darasani, akingoja kiishe. Kumjua kwamba ni wa namna hiyo hakumwongezei mzigo. Kunamwezesha anayeongoza kikao kumsomea.

Jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba mwongozo wenyewe wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa, ule wa mwaka 2016, unaziweka hali hizi na sonona ya vijana katika sura moja, na unamtaka mhudumu apitie ukuaji wa mtoto kwanza, kisha kutulia na umakini, kisha tabia, ndipo afike kwenye huzuni na hofu. Kwa hiyo wanaotaka utoto uulizwe hawajaleta kitu kipya. Zaidi ya hapo, ADHD kwa vigezo vinavyotumika sasa haiwezi kuthibitishwa bila dalili zilizoonekana kabla ya miaka 12. Anayeuliza wiki mbili tu hata angetaka kuiona asingeweza.

Kwetu kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya Ulaya haviitilii mkazo. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, walitoa matokeo ya watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Miaka miwili baada ya kuruhusiwa, asilimia 26.3 walikuwa na upungufu katika kukumbuka, kumakinika au kujifunza, ikilinganishwa na asilimia 7.6 ya watoto wengine wa mitaa yao. Kundi lilikuwa dogo, watoto 44 mwanzoni, lakini fikiria maana yake: mmoja kati ya wanne. Anatoka wodini, kijiji kinashangilia kwamba amepona, na kweli amepona. Mwaka unaofuata anaandikishwa shule, na hakuna mwalimu anayeambiwa kwamba huyu alilala siku kadhaa bila fahamu. Anaanza kuchapwa kwa kusahau.

Siku ya kurudi tulimkuta muuguzi mwingine, mama mtu mzima. Aliiona bahasha mwenyewe. "Hicho ni nini, mama?" Akazitandaza ripoti mezani kwa miaka yake, akazisoma moja baada ya nyingine, kidole kikipita chini ya maneno ya walimu. Kijana, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akasogeza kiti naye asome. Akauliza, "Kumbe nilikuwa hivi tangu zamani?" Yule mama akamjibu kwamba ndivyo inavyoonekana, na kwamba si uvivu. Kisha akamgeukia dada: alipokuwa mdogo aliwahi kuugua sana? Malaria ilimpanda kichwani? Dada akanyamaza kidogo. Akiwa na miaka mitatu, akasema, alilazwa siku tano, degedege likamshika mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshalisahau kabisa.

Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba lile degedege ndilo lililozaa haya, na muuguzi hakusema. Dawa aliyopewa mara ya kwanza ameendelea nayo, kwa hiyo wale wa upande wa kwanza hawakukosea kumpa. Kilichoongezeka ni barua kwa mwalimu wake wa darasa: akae mbele, maelekezo apewe moja moja, mitihani ya ndani aongezewe muda. Mwalimu ameyakubali mawili kati ya matatu. Kwa hali ya shule zetu hilo si dogo.

Mazungumzo yote ya siku ile, tangu bahasha ilipofunguliwa, yalichukua kama robo saa. Muda huo najua hautapatikana kila siku katika kliniki yenye foleni hadi nje, wala kwa kijana ambaye kwanza anatakiwa kulindwa asijidhuru. Unaweza kungoja siku ya pili au ya tatu. Ila ripoti za shule nyumba nyingi zinazo kabatini, na kina mama wanatunza kadi za kliniki za watoto wao hata wakishaota ndevu. Tayari kila anayepangiwa tarehe ya kurudi anakumbushwa asisahau kadi ya bima. Aambiwe aje na hizo pia.