Kilima Kiliulizwa Sukothi, Kikajibu Balaamu

Nyuma ya Biblia yangu ya zamani kuna ramani. Mashariki ya Yordani, karibu na unakoingia mto Yaboki, pana nukta imeandikwa "Sukothi". Utotoni niliamini kwamba ukifika pale utakuta kibao.

Kilichopo hasa ni Deir Alla, kilima cha karibu mita 30 kilichoinuliwa na watu wenyewe. Nyumba za matofali ya udongo zilipoanguka, walisawazisha kifusi wakajenga juu yake, karne kwa karne.

Wanaosema hapa ndipo Sukothi, mahali Yakobo alipojengea mifugo yake vibanda, hawasemi ovyo. Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasema Sukothi iliitwa Tarala, na sikio linasikia undugu na Deir Alla. Lakini Mholanzi Henk Franken, aliyeanza kupachimba mwaka 1960, hakushawishika, nami niko upande wake. Alikuta hekalu lililoteketea katika karne ya 12 KK, chombo chenye jina la malkia Tausret wa Misri, na vibao vya udongo ambavyo wataalamu wanavutana hadi leo namna ya kuvisoma. Sukothi haikujitokeza popote.

Kisha ikaja 1967. Katika kifusi wakaona vipande vya lipu iliyobanduka ukutani, vina maandishi ya wino mweusi na mwekundu, ya mwaka 800 KK hivi. Vilipounganishwa, likasomeka jina: Balaamu mwana wa Beori. Ndiye yuleyule wa Biblia, ambaye punda wake alisema! Humo miungu inamjia usiku, asubuhi anaamka akilia, watu wake wanamuuliza kulikoni. Israeli haitajwi kabisa. Nani alikwenda pale kumtafuta Balaamu?

Ndiyo maana hunikera mhubiri anapoonyesha picha ya kilima hiki na kutamka "Sukothi" bila kusita, halafu maandishi yale hayagusi. (Kusini zaidi, bonde hilohilo, Tell el-Hammam wapo wanaoiita Sodoma. Makala ya 2021 iliyodai mji ule uliteketezwa na mlipuko wa angani ilisambaa kama moto wa nyika. Jarida lenyewe, Scientific Reports, liliifuta mwaka 2025. Kufutwa kwake hakukusambaa hivyo.)

Ramani yangu nimeirekebisha kwa penseli. Kando ya Sukothi nimeweka alama ya kuuliza, na chini yake nimeandika Balaamu, bila alama yoyote.